Siku Tuliyonyamaza kwa Ajili ya Recho

Mimi nina mashine ya kusaga na nina koo la kushindana nayo. Tangu nihamie hapa Mbwawa kutoka Kondoa nimezoea kusema kwa sauti ya juu, na mkwe wangu hulalamika kwamba hata nikiomba chumvi naonekana nagombana. Kwa hiyo ukinisikia nikisema kuna asubuhi nilinyamaza, na mtaa mzima ukanyamaza pamoja nami, ujue sikuambii jambo dogo. Nililiona kwa macho yangu, na hadi leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Aliyetunyamazisha ni Recho Eliya, mpangaji wangu wa chumba cha pembeni, kile chenye kibaraza chake. Kwao ni Maneromango, kusini mwa Kisarawe, ambako mvua ikinyesha gari hulala njiani na abiria wakalala nalo. Baba yake, marehemu Mzee Eliya, alikuwa mzee wa usharika wa Kilutheri, na alimlea binti yake kwa adabu za zamani. Mtu mzima humkazii macho. Akiingia, unasimama. Unamwamkia umeinama, na ukiulizwa unajibu kwa ufupi.

Alikuja Mbwawa kumuuguza kaka yake. Kaka akafariki, yeye akabaki. Mwenyekiti wa mtaa alipotafuta watu wa kujitolea kupita nyumba kwa nyumba kwa mambo ya afya, wengi waliuliza kwanza kuna posho gani. Recho aliuliza aanzie nyumba ipi. Basi ikawa ndiyo maisha yake: mizani ya kuning'iniza watoto begani, mwavuli mkononi, na watoto wakimwona tu wanakimbilia uvunguni.

Muulize Mzee Sixtus, yule anayekaa karibu na korongo. Alipougua kifua kikuu alimeza dawa kidogo, akapata nafuu, akatangaza kwamba amepona. Recho akawa anakwenda kwake kila asubuhi na kusimama mlangoni mpaka aone kidonge kimeshuka. Mzee alimfukuza, akamtukana, na siku moja akammwagia maji ya kuoshea vyombo. Kesho yake Recho alikuja amevaa koti la mvua. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akameza, na hakugoma tena.

Au muulize Sada, aliyejifungua mapacha kabla ya wakati wao, watoto wadogo kama viazi. Recho alimfunga wale watoto kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, kisha akahamia kwake akawa analala chini kwenye mkeka. Hakuondoka mpaka watoto walipoanza kulia kwa sauti ya kukera majirani.

Watu wakaanza kumwita daktari. Kila mara aliwasahihisha kwamba yeye si daktari, yeye ni Recho. Hata hivyo alisoma, masomo ya jioni, akapata stashahada ya afya ya jamii, akaanza kutuma maombi ya kazi. Majibu hayakuja. Mwaka huu, tukiwa tunachambua mchele, aliniambia kwamba mavuno yakiisha atarudi Maneromango kulima mihogo na mama yake. Hakutoa hata chozi. Alisema umri unakwenda, na kwamba hapa Mbwawa akiondoka labda ni mizani tu itakayokumbukwa. Nilikasirika. Nikamwambia asiniletee uchuro juu ya ungo wangu.

Haikupita muda akapata ujumbe kwenye simu. Shirika moja lenye makao yake Arusha lilikuwa linatafuta msimamizi wa wahudumu wa afya wa wilaya nzima ya Kisarawe, na lilikuwa limemchagua aje kwenye usaili. Usaili wenyewe ungefanyika kwa video. Akiipata kazi, ingembidi ahamie Kisarawe mjini, kule mlimani juu ya Pugu. Na kutoka kwetu kwenda huko ni safari, mpaka uzunguke Gongo la Mboto. Nilifurahi, halafu nikaacha kufurahi, halafu nikajilazimisha kufurahi tena. Akikosa anaenda Maneromango, akipata anaenda Kisarawe. Bora aende akiwa ameshinda.

Mwanangu Khalfani anafanya kazi ofisini Dar, na mambo ya kuongea na watu kwenye kompyuta kwake ni ya kila siku. Akamletea Recho kompyuta yake ya zamani, akasema atamfanyisha mazoezi akiwa kwake huko mjini. Jumamosi akapiga. Alikuwa amefunga tai, akajifanya mwenyekiti wa jopo. Recho alipomwona mwenyekiti ametokea, akasimama, akainama akaamkia. Khalfani akabaki anatazama kitenge. Ikabidi amsihi akae, kwa sababu upande wake kichwa chote kilikuwa kimepotea.

Tulipomaliza la kusimama, likaja la macho. Recho alijibu maswali vizuri, ila aliyajibu akiitazama meza. Khalfani akamwelekeza atazame lile tundu dogo juu ya kioo, kwani asipofanya hivyo jopo litadhani anaficha kitu. Recho akaguna. Akauliza amkodolee vipi macho mtu aliyemzidi umri, tena mtu anayemwomba kazi. Khalfani alieleza, akaeleza, mpaka mimi nikachoka kusikiliza. Nikamwambia, "Litazame hilo tundu kama unavyomtazama Sixtus akiwa na kidonge mdomoni." Akanyanyua uso. Khalfani mwenyewe alijiweka sawa kwenye kiti.

Lililotushinda lilikuwa kelele. Katikati ya jibu zuri kabisa Khalfani alisema, "Mama, simsikii Dada Recho. Naisikia mashine yako." Nikaenda kuizima. Akasema sasa anasikia chuma. Alikuwa Silvanus, fundi wa kuchomelea mageti, ng'ambo ya njia. Silvanus alipokwenda kula, tukasikia kuku, redio, pikipiki zinapiga honi kwenye kona, na watoto wanaogombania tairi. Sikuwahi kujua kwamba tunaishi ndani ya makelele namna ile. Recho alijaribu kwenda Maili Moja, kwenye duka moja la kutoa fotokopi lenye mtandao, akakuta kelele za huko afadhali hata mashine yangu. Alifikiria kanisa la kwao Maneromango, lenye utulivu wa kutosha, lakini huko mtandao unaukuta ukipanda juu ya mti. Akasema basi atafanya hapahapa, Mungu atajua. Alisema akiwa ameinamia ile kompyuta, na nilijua ameanza kuikatia tamaa.

Nilitoka siku ileile kwenda kwa Silvanus nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, maana mtu na kazi yake. Nilipotamka tu kwamba Recho ana usaili, akazima mashine yake na kuvua miwani, kana kwamba usaili ni dakika ile. Ikabidi nimwambie ni Alhamisi. Mama wa kuku akasema atawafungia kwenye matenga. Vijana wa redio wakasema hakuna neno. Mzee Anselmi, katekista wa kigango, akajitolea kusimama kwenye kona kuzuia honi, na akaapa kwamba asubuhi hiyo hata yeye mwenyewe hatafungua kinywa. Anselmi akiapa ameapa.

Alhamisi ikafika. Recho alivaa blauzi nyeupe, akachana nywele, akasali. Akateremsha pazia kwa sababu Khalfani alisema mwanga wa dirishani unamtia giza usoni. Kabla ya kufunga mlango alinitazama, akasema, "Mama Khalfani, hii ikinishinda sitajaribu tena." Nikamwambia aingie. Ilipokaribia saa nne nikazima mashine.

Sijui nieleze vipi. Mashine ilipokata, na ya Silvanus ikakata, na redio zikakata, kulitokea nafasi ambayo sikuwahi kuijua. Jani la mkorosho lilianguka juu ya bati, nikalisikia likiteleza. Nilisikia mtu akikoroga chai nyumba ya tatu. Wanawake tulitandika mikeka mbele ya kibaraza ili watoto wasisogee, tukakaa, hatusemi, kila mmoja ametazama chini. Nikajikuta nanong'ona dua.

Sasa, mtu wa kwetu mweleze hivi: siku ya kazi, mashine imezimwa, mlango umefungwa, pazia limeteremshwa, wanawake wako mkekani kimya, na katekista amesimama kwenye kona anapunguza mwendo wa pikipiki. Hataomba maelezo zaidi. Abdulkadiri, dereva wa bodaboda, alimuuliza Anselmi kuna nini kwa Mama Khalfani. Anselmi na kiapo chake akaweka kidole mdomoni, akauonyesha mlango wa Recho. Abdulkadiri akavua kofia. Akaigeuza pikipiki, akaisukuma kwa mkono hadi mbali ndipo akaiwasha. Mimi nilikuwa namwona, na nikasema moyoni kwamba yule kijana ana adabu.

Wa kwanza kufika alikuwa Genoveva, mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki, amejitwika sufuria. Nikamsogezea nafasi mkekani. Wakafuata wanawake wa mtaa wa chini, khanga kiunoni. Mzee Sixtus akaja anakokota baiskeli yenye mzigo wa kuni. Wanaume wakaanza kukaa kwenye magogo ya Silvanus. Wote kimya. Mimi, na akili zangu, nikadhani wamekuja kutusaidia kunyamaza.

Ndipo nilipoitazama vizuri ile sufuria. Sufuria ya jumuiya haitoki stoo ila kwa arusi au kwa msiba, na arusi hatukuwa nayo. Mwanamke aliyekaa kando yangu akanishika mkono, akanong'ona, "Innalillahi. Ameugua lini, Mama Khalfani?"

Kabla sijajibu nilimwona Sada. Alikuwa anakuja mbio kutoka bondeni, pekupeku, pacha mmoja mgongoni na mwingine kiunoni, kinywa kimeshafunguka. Kilio chake nakijua. Aliwahi kumlilia mama yake, mpaka Misugusugu walisikia. Mwili huu niliobeba sikujua bado unaweza kukimbia. Nilimwahi penye mkorosho, nikamziba mdomo kwa kiganja, nikamwambia sikioni, "Recho mzima. Yumo ndani, anaongea na watu wa kazi kwenye kompyuta. Ukilia umemharibia."

Kilio kilikuwa kimeshatoka kifuani. Nilikisikia kikigonga kiganja changu, kikarudi ndani, kikamtikisa mwili mzima. Alinitazama kwa macho makubwa. Nikaitikia kwa kichwa kumhakikishia, akachuchumaa palepale na wanawe, akaziba mdomo wake mwenyewe kwa ncha ya khanga.

Habari ikapita sikio kwa sikio. Niliona nyuso zikibadilika mmoja baada ya mwingine. Wengine walijishika vichwa, mmoja aliuma kidole asicheke, Genoveva alipiga ishara ya msalaba. Nikawaashiria waende makwao. Hakuna aliyeinuka. Nikamnong'oneza Genoveva kwamba awaondoe watu wake, naye akanijibu kwamba mtu haondoki kwenye mkeka kabla hajamwona aliyemjia. Wakabaki. Na wengine wakazidi kuja, kwa kuwa Abdulkadiri alikuwa bado anazunguka huko na pikipiki akitangaza msiba. Kila aliyefika aliambiwa sikioni, na kila aliyeambiwa alikaa. Wanaume walivua viatu wasikanyage kokoto. Mtoto mmoja alipoanza kunung'unika alipitishwa mikono mingi mpaka akasahau alichokuwa analilia.

Nimehudhuria misiba mingi, na nimeona watu wengi wakimkusanyikia maiti. Sikuwahi kuona watu wakimlinda mtu aliye hai namna ile, kwa kukaa tu na kufunga midomo. Niliingiwa na hofu, na sisemi woga. Ni ile hofu inayomshika mtu anapochelewa kufika msikitini akakuta safu zote zimeshasujudu. Kila nilipotazama niliona mtu ambaye Recho alimgongea mlango. Yeye alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anaulizwa na watu wa Arusha amefanya nini miaka yote hiyo, na sikujua anajibu nini.

Mlango ukafunguka. Mtandao ulikuwa umegoma, picha ikaganda, na Khalfani alishamfundisha kwamba ikitokea hivyo atoke kibarazani. Alitoka ameikumbatia kompyuta mbele yake, macho hayabanduki kwenye lile tundu, kama tulivyomfundisha wenyewe. Hakutuona. Jua likampiga kwenye kioo, akageuka kulikwepa, akatugeuzia mgongo. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikatoka kwenye kompyuta.

"Sasa tunakuona, Recho. Na hao walio nyuma yako ni nani?"

Recho akageuka. Ni mtoto wa huku, haelezwi. Aliona sufuria, aliona kuni, aliona khanga zilizofungwa viunoni.

"Nani amefariki?" akauliza.

Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake, mpaka Mzee Sixtus akasimama, kofia mkononi.

"Tuliambiwa ni wewe, daktari."

Recho alikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Kompyuta ikawa mapajani, imetuelekea sisi. Akapitisha macho kwa watu, polepole, wa mkekani, wa kwenye magogo, waliokosa nafasi wakasimama mpaka njiani. Yule mama wa kwenye kompyuta akamuuliza kama kuna tatizo, kama waahirishe.

"Hapana, mama," Recho akasema. "Hawa ni majirani zangu. Walisikia nimekufa, wakaja."

Kisha yule mama akauliza kama watu wote hao walikuwepo hapo tangu usaili unaendelea, mbona hawakusikia kitu. Hapo mimi nilishindwa. Nikasema, kwa sauti yangu ileile mnayoijua, "Tulinyamaza ili mmsikie."

Niliwaona kwa mbali, watu watatu wadogo kwenye kioo, na mmoja alikuwa amevua miwani anaipangusa. Yule mama akasema wamemaliza, labda kama Recho ana swali kwao. Khalfani alimwandalia maswali mazuri sana, akamkataza katakata kusema hana.

"Nilikuwa nalo, mama," Recho akasema. "Sasa hivi sina. Naomba ruhusa niwasalimie watu hawa."

"Nenda, mwanangu," yule mama akasema.

Akaiweka kompyuta chini, akashuka. Aliwaamkia wakubwa, akawashika mkono wadogo, akamtazama kila mmoja usoni. Alipofika kwa Sada, Sada alimpapasa mashavu kama kipofu. Ndipo kile kilio kilichokuwa kimefungiwa kikatoka, cha Sada na cha wote, wanaume nao wakageuka pembeni kupenga kamasi. Aliyepita njiani dakika ile bila shaka aliamini msiba ni wa kweli. Kuni zilikuwepo na sufuria ilikuwepo, nikawasha mashine nikasaga unga, tukapika ugali na maharage, tukala na marehemu wetu.

Simu ya majibu ilikuja siku nyingine, mashine ikiwa inanguruma. Recho alisimama mbele yangu midomo inacheza, sisikii kitu. Nikazima. Akasema, "Nimepata." Nikamkumbatia na unga wangu wote, blauzi yake ikaharibika, wala hatukujali.

Alihama mwisho wa mwezi. Vitu vyake havikujaza hata nusu ya lile gari dogo lililokuja kumchukua kumpeleka Kisarawe. Watu walikuwa wamekuja kumuaga, na yeye alikuwa anazungukazunguka, anafunga kamba iliyokwisha kufungwa. Mwishowe akanivuta kando.

"Mama Khalfani, siku ile," akasema, "walijua kwamba kazi ni ya Kisarawe? Kwamba nikifaulu nitawaacha?"

Nikamwambia walijua. Nilitaka niishie hapo, lakini alikuwa ananitazama machoni, na mimi ndiye niliyemfundisha. Nikamwambia kwamba siku ile, nilipomnong'oneza Sixtus kuwa yeye mzima na yuko kwenye usaili, mzee aliniuliza jambo moja tu, mzigo wa kuni ukiwa bado kwenye baiskeli. Aliuliza, akifaulu ataondoka? Nikamjibu ataondoka. Akazitua kuni zake chini bila kuzigonganisha, akakaa, akanyamaza.